Piano laini na sauti za mitambo yake: urekodi piano halisi, utumie sampuli, piano ya kukokotolewa, au uongeze kelele mwenyewe?

Weka maikrofoni sentimita 15 kutoka kwenye nyundo za piano, kisha mtu acheze kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Kwenye hedifoni utasikia mengi zaidi ya noti. Ncha ya kidole inagusa kitufe, mbao inasogea, kitufe kinatua kwa kishindo kidogo juu ya felti (kitambaa kinene cha sufu) iliyo chini yake, nyundo inarudi mahali pake. Mguu ukikanyaga pedali ya kulia, dampa zote, yaani vile vipande vya felti vinavyozinyamazisha nyuzi, zinaachia kwa mpigo mmoja na piano nzima inavuta pumzi. Sauti hizi ndizo zinazomfanya msikilizaji ajihisi ameketi pembeni ya mpigaji.

Tatizo ni kwamba wengi tunazitafuta kwa kuvuta kidhibiti kilichoandikwa kelele mpaka zisikike. Zinasikika, ndiyo, lakini zinasikika kama mtu anayegonga meza karibu na piano. Kigezo nitakachokitumia hapa chini ni kimoja: je, kelele inautii mkono wa mpigaji? Ikiutii, hata kidogo sana inatosha. Isipoutii, kuongeza ni kuharibu zaidi.

Njia zenyewe

Piano halisi, maikrofoni karibu. Mara nyingi ni piano ya kusimama iliyofunguliwa kifuniko cha juu na kuvuliwa ubao wa mbele, huku ukanda wa felti ukiwa umeshushwa kati ya nyundo na nyuzi. Piano nyingi za kusimama zina ukanda huo tayari, na pedali ya katikati ndiyo inayoushusha. Uliwekwa ili mtu afanye mazoezi bila kuwasumbua majirani. Isiyo nao, fundi anaweza kuufunga.

Maktaba ya sampuli. Mtu mwingine alishafanya kazi hiyo yote, noti kwa noti, nawe unaicheza kwa kinanda cha MIDI, yaani kinachotuma kwa kompyuta taarifa za vitufe badala ya sauti. Noire ya Native Instruments ilirekodiwa kwenye piano kubwa ya Yamaha CFX ndani ya jengo la Funkhaus, Berlin, ikiwa na toleo la kawaida na toleo la felti. Una Corda, ya kampuni hiyo hiyo, ilitoka mwaka 2015 kutokana na piano ya David Klavins yenye uzi mmoja tu kwa kila noti, nayo ina matoleo matatu: tupu, felti na pamba. Kwa asiye na bajeti kuna Soft Piano ya LABS kutoka Spitfire Audio, ambayo ni ya bure na ina vidhibiti vichache.

Piano ya kukokotolewa. Hapa noti hazichezwi kutoka kwenye rekodi. Programu inapiga hesabu za nyundo, nyuzi na ubao wa sauti papo hapo. Inayojulikana zaidi ni Pianoteq ya Modartt, kampuni ya Ufaransa.

Ya nne ni kuongeza kelele mwenyewe: unachukua piano yoyote ya programu iliyo safi, halafu unarekodi mitambo kando na kuitandika chini yake. Wengi wanaidharau njia hii. Mimi naiweka juu kuliko inavyotarajiwa, na nitaeleza kwa nini.

Uwiano kati ya noti na kelele

Hapa ndipo penye siri kubwa, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Felti inapunguza sauti ya uzi. Haipunguzi sauti ya kitufe kinachotua, wala ya dampa, wala ya pedali. Kwa hiyo unapoishusha, noti inanywea lakini mitambo inabaki palepale, nawe unalazimika kuongeza geini ya maikrofoni, yaani kiwango cha ukuzaji wake, ili noti isikike vizuri. Geini inapanda na vyote. Ndiyo maana piano yenye felti inasikika imejaa mitambo hata kama hakuna aliyeikusudia: uwiano umebadilika, kelele yenyewe haikuongezeka.

Jambo la pili watu hulisahau. Kelele za piano ziko za makundi mawili, na kila kundi lina bwana wake. Za kushuka (kidole, mbao, kishindo cha kitufe kutua) zinafuata nguvu uliyobonyezea. Za kurudi (kitufe kupanda, nyundo kukaa, dampa kutua kwenye uzi) hazijali ulibonyeza kwa nguvu gani, zinajali ulivyoachia. Noti ya nguvu ukiiachia polepole haina kelele ya kurudi yenye maana. Noti ya kunong'ona ukiiachia ghafla inaweza kutoa mlio wa mbao unaokaribia kulingana na noti yenyewe.

Sasa zipange njia zetu mbele ya ukweli huo.

Piano halisi haina tatizo lolote, kwa sababu ndiyo iliyotunga sheria. Mpigaji akiachia vibaya, utasikia. Akiachia vizuri, utasikia pia.

Sampuli zinafanya vizuri upande mmoja na kuyumba upande wa pili. Kelele ya kushuka imerekodiwa pamoja na noti, hivyo uwiano wake ni wa kweli, mradi maktaba ilirekodi hatua za kutosha za upigaji laini. Kelele ya kurudi ni kisa kingine: ni rekodi tofauti inayochezwa pale kitufe kinapoachiwa, na sauti yake huamuliwa na kidhibiti. Maktaba nyingine huipiga kwa kiwango kilekile siku zote. Nyingine huipandisha na kuishusha kulingana na nguvu ya kubonyeza, jambo ambalo, kama tulivyoona, ni kinyume cha piano. Zinazofuata kasi ya kuachia ndizo za kutafuta.

Na hata ukiipata maktaba ya aina hiyo, kinanda chako lazima kishirikiane. Itifaki ya MIDI ina thamani ya kasi ya kuachia, kuanzia 0 hadi 127, lakini vinanda vingi havipimi. Vinatuma namba moja isiyobadilika, mara nyingi 64, kwa kila noti na basi. Fungua orodha ya matukio ya MIDI kwenye programu yako ya kurekodia, bonyeza noti chache, ziachie nyingine haraka na nyingine taratibu, usome namba. Zikiwa zote sawa, usilipe zaidi kwa ajili ya maktaba inayojivunia sifa hiyo, hutaipata.

Pianoteq inaipokea kasi ya kuachia, na ina vidhibiti mbalimbali vya kelele ya nyundo, ya kitufe kinapoachiwa na ya pedali. Kwa uwiano, ndiyo inayokupa mamlaka makubwa kuliko zote. Hata hivyo kelele zake, kwa sikio langu, ni nadhifu kupita kiasi. Ni mitambo ya piano iliyotoka kiwandani jana, wakati wengi wanaoitaka sauti hii wanataka piano iliyokaa sebuleni miaka mingi. Toleo dogo kabisa linaloitwa Stage halikupi marekebisho ya kina, kwa hiyo kama unainunua kwa sababu ya kelele, anzia Standard.

Na ile ya nne? Ukirekodi kelele kwa kuweka maikrofoni juu ya kinanda chako cha kidijitali wakati unapiga, uwiano wa kushuka na kurudi unatoka kwenye vidole vyako mwenyewe, bila MIDI kuingilia. Kinanda kilichochakaa kisichojua kutuma kasi ya kuachia kinaitoa kasi hiyo kwa sauti, hewani. Rangi ya sauti ni ya plastiki, hilo siwezi kulificha. Lakini mwendo ni wa mkono wa mtu.

Kelele inafika lini?

Kitufe cha piano kina safari ya takriban milimita 10 kwenda chini. Ukipiga kwa nguvu, safari ya kitufe na nyundo mpaka kwenye uzi huchukua makumi machache ya milisekunde. Ukipiga laini sana, hupita milisekunde 100. Na kuna mpishano mdogo mtamu: kwa mpigo wa nguvu kitufe hugonga chini kabla kidogo ya nyundo kuufikia uzi, lakini kwa mpigo laini nyundo hutangulia na kitufe hutua baadaye, pengine makumi ya milisekunde baadaye. Kwa hiyo kwenye piano ya kunong'ona mpangilio wa kweli ni huu: mguso wa kidole, kimya kifupi, noti, kisha kishindo chepesi.

Sampuli hupoteza mwanzo wa mpangilio huo. Waandaaji hukata mwanzo wa kila rekodi karibu kabisa na noti, kwa sababu mpigaji hawezi kuvumilia kinanda kinachochelewa kujibu. Mguso wa kidole unabaki sakafuni pa studio. Baadhi ya maktaba hukuruhusu kurudisha mwanzo uliokatwa. Ukifanya hivyo noti zitachelewa, nawe utausogeza mkondo mzima wa MIDI uanze mapema zaidi kwa kiasi hicho hicho baada ya kurekodi. Ni kazi ya dakika mbili na inabadilisha sana, lakini ni watu wachache wanaoifanya.

Piano ya kukokotolewa nayo inaanza pale nyundo inapogusa. Kilichotangulia hakipo.

Kelele ya kuongeza kwa maikrofoni juu ya kinanda ndiyo pekee, ukiacha piano halisi, inayokupa mguso kabla ya noti bila ufundi wowote wa ziada. Kidole kinagusa, maikrofoni inasikia, halafu kitufe kinafika kwenye kihisio kilicho karibu na mwisho wa safari na noti inatoka. Angalia tu ucheleweshaji wa kompyuta. Bafa, yaani fungu la sauti ambalo kompyuta hulishughulikia kwa mkupuo, ikiwa ya sampuli 256 (hapa sampuli ni vipimo vidogo vya sauti, si rekodi za noti) kwenye kiwango cha 48 kHz ni zaidi kidogo ya milisekunde 5, na hapo bado hujahesabu mzunguko wa kuingia na kutoka. Rekodi noti moja kavu, kuza picha ya mawimbi, linganisha mikondo miwili, sogeza mmoja mpaka upendeze sikioni.

Onyo moja kuhusu njia hiyo: ukishazinyoosha noti za MIDI kwenye gridi ya mapigo, kelele haitazifuata. Itabaki palepale kidole kilipokuwa, na matokeo yake ni piano yenye wapigaji wawili wasioelewana. Kwa sampuli na kwa Pianoteq, noti ikisogezwa inasogea na kelele yake. Kama wewe ni mtu wa kurekebisha kila noti baada ya kurekodi, jambo hili peke yake linaweza kukuamulia.

Mvumo unaopanda na kushuka

Hili ni la sampuli, na sikio likishalikamata halisahau.

Kila rekodi ina mvumo wake wa chini: maikrofoni, kikuza sauti, chumba. Piano ya felti hurekodiwa kwa geini kubwa, kwa hiyo mvumo unakuwa mkubwa. Ukirekodi piano halisi, mvumo huo ni mmoja na haubadiliki toka mwanzo wa wimbo hadi mwisho. Baada ya sekunde chache ubongo unausamehe. Lakini kwenye maktaba ya sampuli kila noti inakuja na mvumo wake. Noti mbili zikilia pamoja, mvumo unaongezeka kwa desibeli 3. Noti kumi chini ya pedali, desibeli 10. Mkordi unapotua, mvumo unajaa. Pedali ikiachiwa, mvumo unakatika kama bomba lililofungwa. Hakuna piano duniani inayofanya hivyo.

Jaribio lake ni jepesi. Kanyaga pedali, piga noti kumi laini kadiri unavyoweza, shikilia, ongeza sauti ya hedifoni na usikilize mkia. Kisha achia ghafla. Maktaba nzuri zimesafishwa mvumo kwa uangalifu, ila nyingine zimesafishwa kupita kiasi na mkia wa noti unasikika kama una maji. Dawa ninayoiona inafaa ni kutandika chini ya wimbo mzima mvumo wa chumba uliorekodiwa mfululizo, wa kiwango kinachokaribia ule wa maktaba, ili kupanda na kushuka kufunikwe. Unatandika kelele kufunika kelele. Inasikika kama kichekesho lakini inafanya kazi.

Pianoteq haina mvumo kabisa, na hapo ukimya wake unakuwa wa ajabu: kati ya noti hakuna hewa. Nayo inahitaji mvumo wa chumba uongezwe, kwa sababu iliyo kinyume.

Kwa piano halisi, chagua maikrofoni yenye mvumo mdogo wa ndani. Rode NT1, kwa mfano, imetangazwa kuwa na dBA 4.5, ilhali nyingi za kiwambo kidogo (utando unaopokea sauti) huanzia dBA 13 na kuendelea. Maikrofoni za ribon, zenye utepe mwembamba wa chuma ndani, zina rangi nzuri mno kwa sauti hii, ila zile zisizo na umeme ndani zinadai geini kubwa, mara nyingi 60 dB au zaidi, na kikuza sauti cha bei nafuu kitakuletea mvumo kuliko muziki.

Kurudiarudia, na pedali

Muziki wa aina hii unapenda vipande vinavyojirudia. Noti ileile mara nane, mara kumi na sita. Kama kila mara kelele ni rekodi ileile, sikio linaikamata upesi kuliko linavyokamata noti yenyewe, kwa sababu kelele ni fupi na ina umbo kali. Kabla ya kuamini maktaba yoyote, piga noti moja mara nane kwa nguvu ileile na kuiachia kwa namna ileile. Ukisikia mashine ya cherehani, ondoka. Zenye rekodi kadhaa za kupokezana kwa kila noti zinasalimika. Zenye moja zinahitaji ubadilishe nguvu ya noti kwa mkono.

Pedali nayo ina mtego wake. Swichi ya kawaida inatuma namba mbili tu, 0 au 127. Maktaba ikipokea 127 inacheza kelele ya dampa kuinuka, iwe umekanyaga kama unaua mende au umekanyaga kama unanyata. Pedali endelevu inatuma namba zote za katikati, na Pianoteq inazitumia kwa dampa zinazogusa nusu. Sampuli nyingi hata hapo husubiri namba ivuke katikati ndipo zicheze kelele moja iliyorekodiwa. Kwenye piano halisi, mguu wa taratibu unatoa mnong'ono mrefu wa nyuzi zikiachiwa, na mguu wa haraka unatoa mgurumo wa chini. Mimi kelele ya pedali ya sampuli huizima moja kwa moja na kurekodi ya kwangu. Ukiwa umepata nafasi ya dakika 20 tu na piano halisi ya mtu, usipoteze muda kurekodi noti: rekodi pedali ikishuka na kupanda kwa kasi tofauti, rekodi benchi, rekodi chumba kikiwa kimya. Ghala hilo litakutumikia miaka.

Maikrofoni iko wapi, na kelele iko wapi

Kwa piano halisi, nafasi ya maikrofoni ndiyo kidhibiti chako cha kelele. Juu ya kifuniko kilichofunguliwa, zikitazama nyundo: mitambo mingi, noti zenye ukaribu. Mbele chini, ubao wa magotini ukiwa umevuliwa: pedali inatawala. Nyuma ya piano, kwenye ubao wa sauti: mitambo inafifia na besi inanenepa. Wengi huweka jozi mbele kwa ajili ya mitambo na moja nyuma kwa ajili ya mwili, kisha huchanganya. Ukifanya hivyo, sikiliza kwa spika moja kuhakikisha mikondo haifutani.

Kumbuka pia tofauti kati ya kelele ya uhai na kelele ya ubovu. Kitufe kinachotua ni uhai. Pedali inayolia kama mlango, skrubu inayotetema kwenye noti moja tu, kitufe chenye mlegeo kinachogonga mara mbili: hayo ni ubovu, na kuyaondoa baada ya kurekodi ni kazi ya kukesha. Mwite fundi wa piano kwanza.

Kwa kelele za kuongeza, kosa linalojitokeza sana ni kuzirekodi kwa maikrofoni moja na kuziweka katikati wakati piano imetandazwa kushoto na kulia. Noti ya juu inalia kulia, kishindo chake kinalia katikati. Sikio linaviona kuwa ni vitu viwili. Tumia maikrofoni mbili, moja kila upande wa kinanda, na zifuate mwelekeo uleule wa piano ya programu, besi kushoto kama anavyosikia mpigaji au kulia kama anavyosikia aliyekaa upande wa pili. Kisha chuja: toa ukali wa plastiki wa juu, toa mtikisiko wa stendi wa chini kabisa, na shusha mkondo mzima mpaka uone aibu. Kiwango sahihi ni pale ambapo ukiuzima unajua kuna kitu kimetoweka, lakini ukiwa umewaka huwezi kukinyooshea kidole.

Haya mengine nayapitia haraka, kwa kuwa ni yaleyale kwa njia zote. Usikate besi bila kusikiliza, kwa sababu kishindo cha kitufe kinaishi humo chini na kichujio cha mazoea kitakinyonga. Kompresa, kifaa kinachobana tofauti ya sauti kubwa na ndogo, huinua kila kilicho kidogo, hivyo huinua mitambo. Iweke kabla hujaamua kiwango cha kelele. Mwangwi mrefu upeleke kwa noti zaidi kuliko kwa kelele, ukiweza kuvitenganisha, maana mitambo iliyo karibu na sikio haiwezi wakati huohuo kuwa mwisho wa ukumbi.

Nani achukue ipi

Kama una piano ya kusimama, chumba kisicho na barabara dirishani na unacheza kwa mpigo mmoja bila kurekebisha baadaye, suala limekwisha: rekodi hiyo piano. Hata isiyo ya thamani, ikiwa nyuzi zake zimetyuniwa, itashinda programu zote kwa sauti hii moja, kwa kuwa felti inaficha unyonge wa rangi na mitambo inafanya yaliyobaki. Gharama yake ni muda. Noti moja mbovu haiwezi kubadilishwa, na kila unapokata na kuunganisha lazima ubebe pia mkia wa kelele, la sivyo patasikika pengo.

Kama unatunga kwa ajili ya filamu au matangazo na mteja anabadilisha mawazo kila jioni, chukua maktaba ya sampuli yenye vidhibiti tofauti vya kelele ya kuachia, ya pedali na ya chumba. Kidhibiti kimoja cha jumla hakitoshi. Punguza kelele ya kuachia chini ya ilivyowekwa na kiwanda, kwa sababu mara nyingi imepandishwa ili isikike kwenye onyesho la mauzo, zima pedali, weka yako.

Pianoteq naishauri kwa mpigaji mzuri mwenye kinanda kizuri: kinachotuma kasi ya kuachia na chenye pedali endelevu. Mtu wa namna hiyo atapata utii wa mkono ambao sampuli nyingi hazifikii, na upungufu wa uzee kwenye kelele anaweza kuuziba kwa kuuongezea mkondo wa kurekodi mwenyewe. Kwa anayeandika noti kwa kipanya cha kompyuta, utii huo hauna wa kumtii.

Kama una kinanda cha vitufe vizito na maikrofoni moja au mbili, na tayari una piano yoyote ya programu unayoipenda, usinunue kitu. Jaribu kwanza mkondo wa kelele za kinanda chako. Njia hii inawafaa zaidi wanaorekodi na kuacha kama ilivyo, wenye chumba kimya, wanaosikiliza kwa hedifoni na si kwa spika wakati wa kurekodi, maana maikrofoni itachukua kila kinacholia chumbani.

Na mwenye kinanda chepesi cha plastiki kisicho na uzito, kinachogonga kama mashine ya kuandikia? Hapo maikrofoni haitasaidia. Anza na Soft Piano ya bure, cheza chini kabisa ya nguvu uliyozoea, na pesa ya kwanza utakayopata nunua pedali endelevu, ukishahakikisha kinanda chako kinaipokea, kabla ya kununua maktaba nyingine.